Betri za maiki isiyo na waya: jinsi ya kuchagua zisizokukatikia hewani

Redio nyingi za mikoani, na za Kigoma zimo, hutoa fedha nyingi kununua maiki isiyo na waya kisha zikaiwekea betri iliyonunuliwa dakika chache kabla ya matangazo, kwenye kibanda cha vocha kilicho jirani na geti la uwanja. Mtangazaji yuko katikati ya sentensi, sauti inakatika, studio inabaki na mvumo, na anayepigiwa simu ni fundi mitambo.

Mwongozo huu ni wa huyo fundi, awe wa redio ya jamii, wa televisheni ya mtandaoni, au kijana mwenye spika za kukodisha anayezunguka na harusi za Mwanga na mikutano ya injili ya Ujiji. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: betri ya kuaminika ni ile unayojua itakata baada ya muda gani. Kudumu sana ni jambo jema, lakini betri inayokupa saa 10 leo na saa 4 kesho ina hatari kuliko inayokupa saa 6 kila siku. Ukikubali hilo, kazi ya kuchagua inakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Anza na maiki yenyewe

Fungua chumba cha betri utazame. Maiki nyingi za mkononi na visanduku vya kiunoni vya siku hizi vinatumia AA mbili, ukubwa ule ule wa betri za saa ya ukutani. Mitambo ya zamani, ile iliyoachwa na wafadhili au iliyonunuliwa mtumba, mara nyingi inataka ile ya mstatili ya volti 9 yenye vichwa viwili upande mmoja. Zipo pia ndogo za kubana kwenye kola ambazo betri imefungiwa ndani na haitoki.

Kisha tafuta kwenye kitabu cha maelekezo mtengenezaji anaahidi muda gani, na kwa betri ya aina gani. Shure wanasema BLX yao hufika hadi saa 14 kwa AA mbili za alkalaini. Sennheiser, kwa ew 100 G4, wanataja kama saa 8 kwa AA mbili za aina hiyo hiyo. Betri hazikubadilika, kilichobadilika ni namna mtambo unavyokula chaji. Ndiyo maana ushauri wa fundi wa kituo kingine kwamba "hizi zinadumu sana" hauna maana kwako mpaka ujue yeye anatumia maiki gani.

Ili upate picha ya mzigo huo: saa ya ukutani haifikishi hata mA 1 (miliampia, kipimo cha umeme unaovutwa). Maiki ya AA mbili inaweza kuvuta mA 150 au 200 mfululizo tangu unapoiwasha, mtangazaji aongee asiongee. Betri iliyoendesha saa ya ofisini mwaka mzima bila shida inaweza kushindwa mechi moja.

Halafu piga hesabu ya kazi yako. Tangu Mashujaa wapande Ligi Kuu mwaka 2023, uwanja wa Lake Tanganyika una mechi kubwa za kutosha kwa mfano. Mechi ya ligi ni dakika 90, lakini fundi hahesabu 90. Kuna saa nzima ya shamrashamra kabla ya mpira kuanza, dakika 15 za mapumziko, dakika za nyongeza, na nusu saa ya mahojiano na makocha. Ikiwa ni ya mtoano, kama fainali ya Kombe la Shirikisho ya Simba na Yanga iliyochezwa hapo Julai 25, 2021, unaweka pia dakika 30 za muda wa ziada na penati juu yake, hata kama mpira wenyewe utaisha ndani ya 90. Jumla inapita saa 4. Mbio za Mwenge ni habari nyingine kabisa: mapokezi asubuhi, miradi kutwa nzima, mkesha usiku. Siku hiyo hakuna betri moja itakayomaliza kazi, unapanga zamu.

Andika namba hiyo. Ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Hatua ya 2: Soma herufi ndogo kwenye betri

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Maandishi makubwa kwenye betri ni ya biashara: "Heavy Duty", "Super", "Extra", "Power". Yapuuze yote. Zungusha betri utafute msimbo mdogo, mara nyingi uko karibu na alama ya jumlisha au kando ya onyo la kutotupa motoni.

Ukiona R6 bila herufi mbele, wakati mwingine R6P au UM-3, hiyo ni betri ya kaboni. LR6 ni alkalaini. HR6 ni ya kuchaji, aina ya Ni-MH. FR6 ni lithiamu ya kutumia mara moja. Kwa zile za volti 9, 6F22 ni kaboni na 6LR61 ni alkalaini. Herufi moja tu, L, inatenganisha betri ya saa ya ukutani na betri ya matangazo, na haihitaji mita wala elimu ya umeme kuiona. Mfundishe hata dereva wa ofisi, maana mara nyingi yeye ndiye anayetumwa dukani.

"Heavy Duty" ndiyo inayowaponza wengi. Neno linasikika kama la kazi nzito, kumbe limekaa kwenye betri za kaboni, dhaifu kuliko zote kwa kazi hii.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kaboni. Hazina ubaya kwa kazi zake. Wazee wanakumbuka betri za National zilizokuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, redio ya mbao ikitoa taarifa ya habari wiki nyingi kwa betri zile zile, ukizianika juani kidogo zinaendelea. Redio ndogo inavuta umeme kidogo na kwa vipindi. Maiki inavuta mwingi bila kupumzika, na betri ya kaboni ina ukinzani mkubwa wa ndani: ukiidai umeme mwingi, volti inaporomoka ingawa ndani bado kuna chaji. Utaipima kwa mita ikiwa peke yake, ikuoneshe volti 1.5 safi, iweke kwenye maiki, taa nyekundu inawaka kabla ya mapumziko. Kwa matangazo usiziguse. Bei yake ndogo ni ya uongo, kwa sababu utanunua jozi kadhaa mahali pa moja ya alkalaini.

Alkalaini. Ndiyo kipimo ambacho watengenezaji wengi wa maiki wanakitumia kwenye vitabu vyao. Mpya huwa na volti 1.5 hadi 1.6, na hushuka polepole kadiri inavyotumika. Kushuka polepole ndiko kunakoifaa, kwa kuwa vijistari vya betri kwenye maiki vinasoma volti: alkalaini ikishuka, vijistari vinashuka nayo, unapata onyo mapema. Ubaya wake ni gharama za kila wiki na kuvuja ikiachwa ndani.

Ni-MH, yaani za kuchaji zenye volti 1.2. Hapa nina upendeleo, na sioni haya kuusema: kwa kituo kinachotoka nje kila wiki, hizi ndizo. Watu huziogopa kwa ajili ya ile 1.2, wakidhani ni pungufu. Alkalaini inaanza juu ya 1.5 lakini ikifika nusu ya maisha yake iko karibu na volti hiyo hiyo au chini yake, wakati Ni-MH inakaa kwenye 1.2 karibu safari nzima. Mtambo uliotengenezwa vizuri unaikubali. Ila lazima uchague zile zinazotunza chaji. Ni-MH za kawaida zinapoteza chaji zikiwa zimekaa tu kabatini, na joto linaongeza kasi hiyo. Ukichaji Jumatatu kwa mechi ya Jumapili unaweza kukuta pungufu. Mwaka 2005 Sanyo walitoa Eneloop, ambazo leo ni za Panasonic, zilizotatua jambo hilo: zinakaa miezi mingi zikiwa bado na sehemu kubwa ya chaji. Kampuni nyingine zina za aina hiyo, kwa kawaida pakiti inasema zimeshachajiwa kiwandani na ziko tayari kutumika.

Kuhusu namba ya mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inabeba, kaa macho. AA ya Ni-MH ya kweli iko kati ya 1900 na 2700 hivi. Ukikuta AA ya kuchaji imeandikwa 3800 au 5000, muuzaji amekuandikia ndoto yake. Tena usikimbilie 2500 kwa sababu ni kubwa kuliko 2000. Eneloop za kawaida, za mAh 2000 hivi, zinahesabiwa kuvumilia mizunguko 2100 ya kuchaji, na zile za 2500 mizunguko 500. Kwa kazi ya saa 4 au 5 ninachukua zile ndogo.

Lithiamu za kutumia mara moja, zile FR6. Nyepesi, gramu 15 hivi, hazivujivuji, zinavumilia joto na baridi, zinadumu kuliko alkalaini kwenye mzigo mkubwa. Ghali. Nazitaka ziwe mbili kwenye begi, zikiwa bado kwenye pakiti, kwa siku mambo yatakapoharibika ukiwa Kalya au Buhingu na duka la karibu liko mbali kwa boti. Si za kila siku.

Lithiamu za kuchaji za volti 1.5, zenye tundu la USB ubavuni, zimeingia sokoni kwa kasi na vijana wanazipenda. Mimi sizipeleki kwenye matangazo. Ndani yake kuna lithiamu ya volti 3.7 na kijimtambo kinachoishusha kuwa 1.5. Volti inakaa 1.5 hadi chaji inapokwisha kabisa, halafu inazima ghafla kama bomba la maji lililofungwa. Maiki itakuonesha vijistari vyote vimejaa hadi sekunde ya mwisho. Isitoshe, kijimtambo hicho chenyewe kinaweza kutoa kelele za umeme, nawe umekiweka sentimita chache kutoka kwenye antena. Kwa kamera na tochi ni sawa.

Na hii isomwe mara mbili: kuna betri za 14500, zinafanana kabisa na AA kwa urefu na unene, zinatumika kwenye tochi ndogo. Kila moja ni volti 3.7, na ikijaa inafika 4.2. Ukiweka mbili kwenye maiki inayotarajia volti 3, umeipelekea zaidi ya 8. Kabla hujapokea betri ya kuchaji usiyoijua, soma volti.

Za volti 9 zina mtego wake. Ndani ya alkalaini kuna seli sita za volti 1.5. Za kuchaji za Ni-MH zinakuja na seli sita, saba au zaidi. Zenye seli sita ni volti 7.2 tu, na maiki nyingi za zamani hukataa mapema. Tafuta iliyoandikwa 8.4. Hata hiyo uwezo wake ni mdogo, karibu mAh 200, wakati alkalaini ya 6LR61 ina kama 550. Kwa hiyo kwa maiki za volti 9, ushauri wangu unageuka: nunua alkalaini nzuri, na uanze kuweka akiba ya kubadili mtambo.

Zile ndogo za kola zenye betri ya ndani, kama Wireless GO II ya RØDE ambayo kampuni inaihesabia hadi saa 7, huna cha kuchagua. Unachoweza ni kuja na pawabenki na waya wake, na kukumbuka kwamba betri hiyo inazeeka. Saa 7 za mwaka wa kwanza hazitakuwa 7 mwaka wa nne.

Hatua ya 4: Dukani

Mzigo wa betri unafika Kigoma kwa malori na treni kutoka Dar es Salaam, na mwingine unavuka mipaka kutoka kwa majirani. Njiani umekaa wiki nyingi kwenye joto, na mikono mingi imeupitia. Kwa hiyo jina maarufu kwenye ganda halitoshi.

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Alkalaini nzuri hupewa miaka hadi 10 tangu kutengenezwa, kwa hiyo iliyobakiza mwaka mmoja imekaa mahali kwa muda mrefu. Usichukue zilizoanikwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la mchana. Usinunue zilizotolewa kwenye pakiti na kumwagwa kwenye boksi.

Pima uzito. Sonara ana mizani ya gramu, hata wauza viungo wengine wanayo. AA ya alkalaini ya kweli ina gramu 23 au 24. Ya kaboni iko chini ya 20. Ni-MH ya 2000 ina kama 26 au 27. Ukikuta "alkalaini" ya gramu 16, ndani ni kaboni iliyovishwa ganda la watu. Feki inaweza kuiga rangi na herufi zote, hadi ile L, lakini kuiga uzito kunamgharimu mtengenezaji, naye hakuja kwa gharama.

Kuna jaribio la kudondosha pia. Iachie alkalaini idondoke wima juu ya meza ngumu, toka sentimita chache. Mpya inatua kwa kishindo kizito na kubaki, iliyotumika inaruka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walilichunguza jambo hili mwaka 2015 wakaona kwamba kuruka kunaongezeka zinki ya ndani inapogeuka, lakini kunafika kilele chake betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Maana yake, betri inayoruka si mpya, basi. Haikuambii imebaki kiasi gani. Linakusaidia kumbaini muuzaji aliyerudisha za zamani kwenye pakiti.

Muuzaji atakwambia, "Kaka, chukua hizi, hizi ndizo kali, watu wa redio wote wanachukua." Mwambie asante, umwombe pakiti mbili tu za majaribio, na umwahidi utarudi kuchukua boksi zikifaulu. Mwenye mali nzuri hatakasirika.

Hatua ya 5: Zijaribu kwenye maiki yako

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayokupa kile nilichosema mwanzoni. Haihitaji vifaa.

Weka jozi mpya kwenye maiki. Iwashe, iweke mbele ya redio ndogo inayocheza, umbali wa hatua chache kutoka kwa risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki. Unganisha risiva na kompyuta au kinasa sauti, anza kurekodi, uendelee na kazi zako. Mtambo ukizima, kelele ya redio itapotea kwenye rekodi. Ukirudi, unaangalia tu ni dakika ya ngapi ilikatika. Umepata muda halisi, wa maiki yako, wa betri hiyo.

Ukiweza, pita kila nusu saa uandike vijistari viko vingapi. Kwa alkalaini utaona vinashuka kwa mpangilio. Kwa Ni-MH vitakaa kati kwa muda mrefu kisha vianguke haraka, na muda kati ya kijistari cha mwisho na kuzima unaweza kuwa mfupi sana. Huo muda mfupi ndio unaotakiwa kuujua. Kama ni dakika 10, basi kijistari kimoja kwenye jozi hiyo maana yake badilisha sasa hivi, usisubiri wimbo uishe.

Rudia na jozi ya pili ya pakiti ile ile. Zikitofautiana sana, pakiti hiyo usiinunue hata kama jozi ya kwanza ilikufurahisha. Zikikaribiana, chukua theluthi mbili ya muda uliopata, uuandike kuwa ndio kikomo. Jaribio likionesha saa 9, kikomo ni saa 6. Theluthi iliyobaki ni ya joto na ya uzee wa betri.

Kwa wanaopenda mita: usiamini namba ya betri iliyokaa peke yake mezani. Pima ikiwa ndani ya maiki iliyowashwa, kama ncha zinafikika, au uipe mzigo wa balbu ndogo ya tochi. Betri yoyote inaweza kujitutumua ikiwa haifanyi kazi.

Hatua ya 6: Iambie maiki imewekewa nini

Mitambo mingi ya kiwango cha matangazo, kama UWP-D ya Sony au QLX-D ya Shure, ina sehemu kwenye menyu ya kuchagua aina ya betri: alkalaini, Ni-MH au lithiamu. Ikibaki kwenye alkalaini huku umeweka Ni-MH, itasoma ile 1.2 na kulia njaa tangu dakika za mwanzo, au itakupotosha kwa njia nyingine. Ni suala la sekunde chache. Ukibadili aina ya betri, badili na menyu.

Hatua ya 7: Chaja

Betri nzuri kwenye chaja mbovu ni hasara. Chukua chaja yenye taa au kioo kwa kila betri pekee yake. Zile zinazochaji mbili mbili kwa pamoja zinajaza moja kupita kiasi na kuiacha nyingine na njaa, na jozi inakuwa na nguvu ya ile dhaifu.

Kwa mahali umeme unapokatika na kurudi, epuka chaja zinazozima kwa kuhesabu muda. Umeme ukirudi, nyingi zinaanza kuhesabu upya, betri iliyokuwa karibu kujaa inachajiwa tena kwa saa zote. Inapata moto, na moto ndio unaoua Ni-MH. Chaja inayosikiliza volti ya betri na kuzima yenyewe inavumilia kukatika kwa umeme hata mara tano usiku. Epuka pia za kuchaji haraka kwa dakika 15 au 30. Kiwango cha mA 500 hadi 700 kwa AA kinatosha, unaweka jioni unakuta tayari. Chaja inayokubali USB au volti 12 ni nzuri zaidi, kwani utachaji kwenye gari au kwenye sola ya boti.

Hatua ya 8: Ndoa za betri

Betri mbili zilizonunuliwa pamoja zibaki pamoja. Chukua kalamu ya maka, andika kwenye kila moja namba ya jozi na mwezi ulioanza kuitumia: 1A na 1B, 2A na 2B. Zichajiwe pamoja, zitumike pamoja, zistaafu pamoja. Ukichanganya mpya na ya zamani, au alkalaini na Ni-MH, dhaifu itamalizwa na kusukumwa kinyume na mwenzake, na muda ulioujua kwenye hatua ya 5 unakuwa hauna maana.

Zibebe kwenye kiboksi cha plastiki. Zilizojaa vichwa juu, zilizotumika vichwa chini. Hata gizani kwenye mkesha utajua kwa kidole. Za volti 9 zifunike vichwa kwa selotepu. Ikikutana mfukoni na funguo au sarafu inapata moto wa kweli.

Jozi ikianza kutoa muda ulio chini ya kikomo chako, iondoe kwenye matangazo bila huruma. Haijafa: itafanya kazi kwenye rimoti au tochi ya studio. Alkalaini iliyobaki nusu baada ya mechi ipeleke kwenye saa ya ukutani, itaishi huko miaka.

Hatua ya 9: Siku ya kazi

Maiki ya mubashara inaanza na jozi iliyojaa kila mara. Usiulize iliyomo imebaki kiasi gani. Itoe, weka nyingine. Panga pa kubadilishia kabla hujatoka: mapumziko ya mechi, tangazo la biashara, au studio inapochukua taarifa ya habari. Mtangazaji ajue pia, asije akang'ang'ania maiki wakati wewe unaitaka.

Kitufe cha kunyamazisha sauti hakihifadhi chaji. Maiki iliyonyamazishwa inaendelea kurusha mawimbi na kula betri. Mapumziko yakiwa marefu, izime kabisa, lakini shusha kwanza sauti ya njia hiyo kwenye miksa.

Kwenye mwalo wa Kibirizi au boti ya kwenda Gombe, adui ni maji na mikono yenye dagaa. Badilishia betri mahali pakavu, futa ncha kwa kitambaa. Mchana usiache begi la betri kwenye gari lililofungwa vioo. Na maiki ya waya iwe imeunganishwa tayari, imelala pembeni ya miksa.

Ukirudi ofisini toa betri zote kwenye maiki, hata kama kesho kuna kazi. Ukikuta alkalaini imevuja, ule unga mweupe ni wa asili ya magadi makali: vaa glovu au mfuko wa nailoni, chovya pamba kwenye siki au maji ya limau, sugua springi, pitisha pamba yenye maji kidogo, kausha siku nzima mfuniko ukiwa wazi. Iliyovuja ikiwa ni ya kaboni, limau halitasaidia, kwa sababu uchafu wake una asidi; tumia magadi soda yaliyolowanishwa kidogo kwenye pamba. Springi ikibaki nyeusi baada ya hapo, badilisha springi yenyewe kabla ya kulaumu betri inayofuata.